Nguo kwa Ajili ya Mwili



Asubuhi hii tuitazame sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo. Adamu na Hawa wamekosa, wamejifunika majani, wanaona haya. Adhabu yao wamekwisha kuisikia. Lakini kabla hawajatoka bustanini, Mungu mwenyewe anawatengenezea nguo za ngozi. Tuangalie vema: mwili ulikuwapo kwanza, nguo ikaja baadaye ili kuutunza.

Katika biashara ya mitindo ya mavazi, mambo haya yamepinduliwa. Mbunifu hushona nguo ya mfano, nyembamba sana, kisha wasichana huitwa waijaribu. Ikimbana mmoja, fundi haambiwi aifumue. Msichana ndiye anayeambiwa apungue, au aende zake. Naye akiihofia kazi yake, hujinyima chakula.

Ana Carolina Reston alikuwa msichana wa Brazili, mwanamitindo aliyeisaidia jamaa yake kwa kazi hiyo. Yasimuliwa kwamba mwaka 2004, alipokwenda China kutafuta kazi, aliambiwa kuwa ni mnene. Mnamo Novemba 2006 alifariki hospitalini, umri wake miaka 21, uzito wake kama kilo 40 tu. Ugonjwa wake ulikuwa ule wa kukataa chakula. Miezi michache kabla yake, mnamo Agosti, Luisel Ramos wa Uruguay, mwenye miaka 22, alikufa kwa moyo akiwa katika maonyesho ya mavazi mjini Montevideo.

Wakubwa wengine walishtuka. Septemba 2006 maonyesho ya Madrid, huko Hispania, yaliwakataza wanamitindo waliokonda kupita kiasi. Mwenye urefu wa mita 1.75, kwa mfano, alipaswa kuwa na uzito wa kilo 55 hivi. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 2017, mwanamitindo hana budi kuwa na cheti cha daktari, na ampaye kazi pasipo cheti hicho aweza kutozwa faini ya Yuro 75,000 na kufungwa miezi sita.

Twashukuru kwa sheria hizo. Lakini sheria hupima kilo, haipimi jicho la mtazamaji. Nguo ile ilishonwa nyembamba kwa sababu watazamaji waliisifu na wanunuzi wakalipa. Hata Samweli, nabii wa Bwana, alipofika nyumbani kwa Yese alikaribia kumchagua mtu kwa umbo lake, mpaka Mungu alipomkemea.

Je, sisi tu safi? Tukitoka ibadani Jumapili, salamu yetu ya kwanza kwa binti wa watu ni ipi? “Mbona umenenepa hivi?” Au, “Umekonda, una nini?” Twacheka, twaenda zetu, yeye aenda nyumbani na neno lile. Bibi arusi naye twamwambia ajikaze asile, kusudi aingie katika gauni la kukodi. Twafanya kama yule mbunifu, ila sisi twafanya mlangoni pa kanisa.

Ndugu, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu halibomolewi ili lienee pazia. Leo, basi, tukimwona binti mezani anasukuma sahani yake kando siku baada ya siku, tusimcheke wala tusimsifu. Tuketi naye, tumwulize kwa upole, tumpeleke kwa daktari, tumwombee. Na fundi aitwe aipanue nguo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuumba na kutuvika, utusamehe maneno tuliyoyatupa ovyo. Uwaponye wale wanaouchukia mwili uliowapa, uwafariji wazazi waliowazika binti zao, nawe utufundishe kutazama kama utazamavyo wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.