Nyanya Husaidia Ngozi, Lakini Kivuli Kwanza
(Hotuba kwa wakulima wa Rapsu, Kaunti ya Isiolo)



Nyanya na mapapai ya shambani si ya soko tu. Mionzi ya jua ikiingia kwenye ngozi huzalisha kemikali zinazoharibu seli. Laikopeni, rangi nyekundu ya nyanya, na karotini iliyo kwenye papai ni antioksidanti; hupunguza makali ya kemikali hizo. Nyanya ikipikwa kwa mafuta kidogo, mwili huipata laikopeni kwa urahisi zaidi.

Lakini tusidanganyane. Kinga hiyo ni ndogo, na huhitaji wiki kadhaa za kula. Haichukui nafasi ya kivuli, kofia pana na nguo za mikono mirefu, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Tena, usijipake ndimu ukatoka juani: itakuunguza ngozi.

Wazazi wa watoto wenye ualbino, nawasihi. Ngozi yao ina melanini kidogo mno, na saratani huwanyemelea mapema. Matunda pekee hayatawakinga. Wasajilini katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo kupitia kwake serikali hutoa mafuta ya kuzuia jua bila malipo. Mkiona kidonda kisichopona, msingoje. Mpelekeni mtoto hospitalini.

Tule mazao yetu, na tukae kivulini.