Tutazame Juu: Paa la Nyumba ya Kiswahili na Msamiati Wake



Tunapoitaja nyumba ya Kiswahili, aghalabu hufikiria ukumbi wa katikati, vyumba vya pande mbili, baraza mbele na ua nyuma. Leo naomba tutazame juu, kwenye mapaa ya nyumba kongwe za Temeke, Keko na Tandika, kwani huko ndiko fundi alikoweka ujuzi wake mwingi.

Katika nyumba ya miti na udongo, paa hubebwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini. Juu ya nguzo hulazwa mtambaapanya, mti ambao jina lake halihitaji ufafanuzi kwa aliyewahi kulala chini yake. Juu kabisa hupita mwamba. Kutoka mwamba hadi mtambaapanya huteremshwa makombamoyo, na juu yake hufungwa fito za kushikilia makuti. Vipaa viwili, cha mbele na cha nyuma, hukutana na visusi vya ubavuni. Hivyo masika yakiumomonyoa udongo, ukuta hukandikwa upya na paa hubaki mahali pake.

Nyingi ya nyumba hizi hazikuwekwa dari. Kuta za vyumba ziliishia usawa wa mtambaapanya. Joto likapanda na kutokea upenuni, na maneno ya mpangaji mmoja yakamfikia mwenzake.

Kisha likaja bati, lisilohitaji fito zilizokaribiana. Mbao za msumeno nazo zikachukua nafasi ya miti ya mikoko, ambayo serikali ilisimamisha uvunaji wake mwaka 1987. Leo fundi hutaja kenchi na papi. Kenchi limetoka Bara Hindi, ambako maana yake ni mkasi. Na kweli mbao zake hukutana juu mithili ya mkasi. Sina ugomvi na neno hilo, kwani Kiswahili kimekopa tangu zamani.

Hofu yangu ni nyingine. Kombamoyo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, lakini kamusi haituonyeshi linavyopangwa wala linavyofungwa. Hayo anayajua fundi, naye huyaeleza vizuri zaidi paa likiwa mbele yake. Kwa hiyo napendekeza kwamba nyumba kongwe inapobomolewa, mwanafunzi wa Kiswahili awepo pamoja na fundi mzee, aandike jina na kazi ya kila mti kabla haujageuzwa kuni.