Wapi pa Kuanzia na Detekta: Mada kwa Wachimbaji Wadogo wa Dhahabu Wanaoanza, Chunya



Nimeombwa nijibu swali ambalo kila anayenunua detekta huniuliza: niende wapi? Wengi huliuliza wakiwa wameshakopa na mashine iko begani. Ningependa liulizwe kabla fedha haijatoka, maana kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mashine nzuri ikimwokoa mtu aliyechagua eneo baya, ila nimeona mashine ya kawaida ikimlisha mtu aliyechagua vizuri.

Tuanze na kile ambacho mashine inasikia. Koili inatuma nguvu ya sumaku ardhini, metali iliyo karibu inarudisha ishara, nawe unasikia mlio. Msumari unalia, kizibo cha soda kinalia, ganda la risasi linalia. Dhahabu nayo inalia, lakini iwe imejikusanya ikawa kipande. Unga wa dhahabu uliotapakaa ndani ya mwamba, hata uwe mwingi wa kumtajirisha mwenye karasha, detekta inaupita kimya. Hapo ndipo vijana wengi wanapopoteza mtaji. Wanasikia kuna mfumuko mahali, watu wanatoa mifuko kwa mifuko, nao wanakimbilia huko na detekta. Wanazunguka wiki nzima na kuondoka wakisema eneo limeisha. Dhahabu wameiacha palepale, ila ni ya kusaga na kuosha.

Kwa hiyo sisi wa detekta tunatafuta mahali ambapo dhahabu imewahi kuonekana kwa macho na kuokotwa kwa vidole. Uwanda wa Lupa una historia hiyo. Tangu miaka ya 1920 watu walimiminika huku kuosha changarawe za mito na makorongo, na baadaye ikaja migodi ya mwamba kama New Saza, uliofungwa mwaka 1956. Wale wa mwanzo walitegemea macho, koleo na maji. Mahali pasipo na maji ya kuoshea hawakupashughulikia sana, na mawe makubwa yaliyoganda na mfinyanzi waliyatupa pembeni bila kuyapasua. Ndiyo maana mwanafunzi wangu huwa namwanzisha kwenye sehemu mbili: vifusi vya zamani, na miteremko iliyo juu ya korongo lililowahi kutoa. Kwenye kifusi, sambaza kwanza kwa reki, kisha pitisha koili polepole, tabaka moja baada ya jingine. Ukipita juu ya rundo tu, umesikiliza kiganja kimoja cha kazi ya watu wa miaka mingi.

Mteremko unahitaji maelezo zaidi. Dhahabu ni nzito karibu mara saba kuliko lile jiwe jeupe la kwatzi linaloibeba. Mkanda, yaani mshipa wa kwatzi ndani ya mwamba, unapooza kwa jua na mvua, jiwe linavunjika, udongo unachukuliwa na maji, na dhahabu inabaki nyuma au inashuka kidogo tu. Ukikuta vipande vya kwatzi vyenye kutu vimetawanyika, panda navyo juu hadi vinapokoma. Mkanda hauko mbali na hapo, na upande wa chini yake ndio wa kusikilizwa.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuhusu karai, kwa sababu hili limenisaidia kuliko chochote nilichonunua. Mwaka mmoja, upande wa Matundasi, tulikuwa na vikorongo vitatu vinavyofanana kabisa, na siku chache za kazi. Mwenzangu alitaka tuwashe mashine. Nikamwomba tuoshe kwanza karai tatu kutoka kila kimoja, udongo wa chini kabisa uliogusa mwamba. Cha kwanza kilitoa mchanga mweusi mtupu. Cha pili kilitoa punje kama kumi, nyembamba, laini, zimeviringika kama mbegu za ufuta. Cha tatu kilitoa punje mbili tu. Lakini nilipoziweka kwenye ukucha zilinikwaruza: zilikuwa na kingo kali, na moja bado imeng'ang'ania chembe ya kwatzi. Punje iliyoviringika imesafiri mbali. Yenye kingo kali imetoka jirani. Tulikwenda kwenye kikorongo cha punje mbili, tukapanda nacho, na siku ya pili mchana, kwenye mteremko wa kushoto, detekta ililia juu ya kipande kinachotosha kujaza ukucha wa kidole gumba. Kile chenye punje kumi kingetupendeza zaidi machoni, na kingetupotezea siku zote.

Kuhusu udongo nitasema kwa ufupi. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, na detekta za bei ndogo hulialia humo bila sababu. Mashine za mpigo, yaani zile zinazotuma nguvu, zinanyamaza, kisha zinasikiliza, zinauvumilia zaidi. Kama yako si ya mpigo, tafuta sehemu yenye udongo uliofifia. Kabla ya yote, zika nyumbani kigololi kidogo cha risasi, uzoee mlio wake, maana unakaribiana na wa dhahabu. Na subiri nyasi ziungue au zikauke. Koili ikielea juu ya majani, vipande vidogo vyote vitakupita.

Kuna chanzo kingine cha habari ambacho hakihitaji betri, nacho ni wenyeji. Mama mmoja, mkulima wa karanga, alinikuta nimesimama pembeni ya shamba lake nikitazama mteremko. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umepoteza nini?" Nikamweleza. Akacheka, akaniambia kwamba walipokuwa watoto, mvua kubwa ikikatika walikimbilia kwenye kijinjia cha ng'ombe pale chini, kwa sababu maji yalikuwa yakifukua vitu vinavyong'aa na baba yao aliwapa sukari kwa kila walichookota. Kijinjia chenyewe kilishafunikwa na vichaka. Hakuna ramani ambayo ingenionyesha.

Nataja hilo kwa sababu kabla yake niliwahi kufanya kinyume. Mimi na wenzangu wawili tuliingia kwenye malisho ya mfugaji bila kumwona mtu, tukachimba mashimo kwenye kila mlio, mengi ni misumari, tukaondoka bila kufukia. Usiku mtamba wake alivunjika mguu katika shimo letu. Tulimlipa mfugaji yule, lakini sijasahau alivyokuwa ameinama, amekishika kichwa cha mnyama wake. Tangu siku hiyo kila shimo nalifukia kabla ya kusogea hatua moja.

Sheria nayo iko wazi. Madini ni mali ya umma, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inakataza hata kutafuta tu bila haki ya madini. Leseni ndogo, ambayo hutolewa kwa Mtanzania, kwa dhahabu haizidi hekta 10 na hudumu miaka 7. Usiye na leseni, ingia kwa makubaliano ya maandishi na mwenye nayo, na mgao uandikwe kabla ya mlio wa kwanza; nimeona ndugu wakigombana juu ya gramu mbili. Leseni haikuondolei wajibu wa kuongea na mwenye shamba. Makaburi, makazi na hifadhi usiviguse. Ukifukua chombo cha kale, kumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863: kiache kilivyo, utoe taarifa. Na maduara ya zamani yaliyo wazi msiingie kwa kisingizio cha kufuata mlio. Kingo zinaporomoka, na hewa ya chini inaua bila kutoa harufu.

Kesho ni vitendo. Tukutane saa kumi na mbili asubuhi hapahapa. Kila mmoja aje na karai, koleo, sumaku ya kutenga vipande vya chuma, na maji ya kunywa. Detekta zitabaki ndani ya gari hadi mchana. Asubuhi tutapita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mzee anayemiliki kifusi tulichopewa ruhusa, na tukitoka hapo kila kundi litaosha karai zake tatu na kuniletea punje zake juu ya ukucha.