Elimu ya Dini za Wazee Wetu



Sisi walimu tumeulizwa: masomo ya dini ya chuo kikuu yanatuhusu nini sisi tunaopanga foleni ya mgao? Tunajibu kwa mfano mmoja. Padri Vincent Mulago, Mushi wa Kivu, alipelekwa kusoma Roma. Mwaka 1955 alitetea tasnifu yake ya udaktari. Hakuandika juu ya Wagiriki. Aliandika juu ya Bashi, Banyarwanda na Barundi, jinsi uhai unavyowaunganisha walio hai, marehemu na Mungu, aitwaye Nyamuzinda au Imana. Makabila hayo katika tasnifu moja! Na sisi hapa tunagombana bombani. Baadaye kilianzishwa kituo cha kuchunguza dini za Afrika katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, akakiongoza.

Elimu ya namna hiyo huanzia vinywani mwa wazee. Mwaka huu tumezika watatu, bila hata ukurasa mmoja. Hatumwambii mtu aache kanisa wala msikiti. Tunaiomba kamati daftari kumi na kalamu. Kila Jumamosi wanafunzi wetu wataketi na wazee, wasikilize na kuandika.