Kiti cha Spika ni cha Nani?



Juma hili natupia jicho kiti kirefu kule Dodoma, kiti cha Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano. Tukitaka kujua uzito wa kiti hicho, tumwangalie marehemu Job Ndugai, mbunge wa Kongwa.

Kongwa ni wilaya kame ya Mkoa wa Dodoma, ambako Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakaambulia hasara. Kutoka huko Ndugai aliingia bungeni mwaka 2000. Mwaka 2010 akawa Naibu Spika, na Novemba 2015 akakikalia kiti chenyewe. Miaka 15 ya kupanda ngazi, kipandio kwa kipandio. Kanuni za Bunge alikuwa nazo kichwani.

Na alizitumia, tena kwa mkono mzito. Wabunge wa upinzani walitolewa nje na kusimamishwa vikao. Januari 2019 alimwita Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, ajieleze mbele ya kamati kwa kuwa alikuwa ametaja udhaifu wa Bunge alipohojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa. Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Juni, Spika akatangaza kuwa jimbo la Tundu Lissu liko wazi, wakati Lissu yuko Ubelgiji akitibiwa majeraha ya risasi alizopigwa mwaka 2017.

Ndipo ilipofika Desemba 2021. Serikali ilikuwa imechukua mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndugai, akizungumza Dodoma, akahoji mwendo huu wa kukopa, akaonya kuwa ipo siku nchi itapigwa mnada. Kelele zikamshukia kutoka ndani ya chama chake mwenyewe. Tarehe 3 Januari 2022 aliomba radhi. Kesho yake Rais akaonyesha waziwazi kutoridhika naye. Tarehe 6 akajiuzulu.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wapo waliocheka siku ile. Lakini kucheka hakutusaidii kitu. Mkaguzi aliandamwa kwa neno, na Spika naye akaondoka kwa neno. Na neno lenyewe lilihusu deni la taifa, jambo ambalo Bunge limewekwa pale kulihoji.

Angalia pia barua ilikokwenda. Alipoutangazia umma, Ndugai alisema amemwandikia Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Mtu huandika barua ya kuacha kazi kwa yule aliyempa kazi.

Wala si yeye wa kwanza kulijua hilo. Samuel Sitta wa Urambo aliuachia mjadala wa Richmond bungeni mwaka 2008, hata Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2010 chama kikateua wagombea uspika wanawake watupu, na Sitta akabaki nje. Naye aliyempokea Ndugai, Dkt. Tulia Ackson, alichaguliwa Februari 2022 kwa kura zote 376.

Ndugai alibaki mbunge wa kawaida. Agosti 2025 aliongoza kura za maoni za chama chake Kongwa, na siku mbili baadaye, tarehe 6, akafariki dunia. Mungu amrehemu. Watu wa Kongwa hawakumtupa. Kiti ndicho kilichomtupa.

Basi, ndugu msikilizaji, Spika anapochaguliwa tusiishie kuuliza ni mkali au mpole. Tuulize: akisema neno lisilopendeza wakubwa, ni nani atakayemlinda? Ikiwa Spika mwenyewe hana wa kumlinda, mbunge wako anayekaa kiti cha nyuma atathubutu kusema nini?