Mafuriko na Ukame katika Mitaa Yetu



Tumeombwa tuseme juu ya mafuriko na ukame, mambo mawili ambayo wengi huyadhania kuwa hayana undugu. Sisi wa Kinondoni na Temeke tumeyaona yakiingia kwa mlango mmoja. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa ilijaza bonde la Msimbazi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha katika jiji hili. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hata uzalishaji wa maji ukashuka hadi kadiri ya lita milioni 300 kwa siku, hali jiji lahitaji zaidi ya milioni 500. Ndipo tukaingia katika mgawo.

Huulizwa mara nyingi kama sababu ni theluji ya Kilimanjaro. Theluji hiyo imepungua kweli, lakini Ruvu haunywi Kilimanjaro. Chimbuko lake ni Milima ya Uluguru, nao hutegemea mvua na misitu inayoishika mvua hiyo. Na mvua yetu huongozwa na bahari. Maji ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, ndiyo El Niño. Na Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu, vuli hufurika, kama mwaka 1997 na tena 2023. Joto likihamia upande wa Indonesia, vuli hukauka, kama mwaka 2022. Mageuzi hayo ni ya kale. Lililo jipya ni kwamba moshi wa makaa na mafuta umeongeza joto la dunia, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, ikauachilia kwa kishindo. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa sababu ya mvua za msimu ule.

Waliochoma makaa hayo kwa wingi wako mbali nasi. Anayelipa ni mpangaji wa Kigogo au Tandale, ambaye maji humtoa chumbani mwezi wa nne, na ukame ujapo hununua dumu kwa bei ambayo mwenye tangi nyumbani haijui. Ndiyo maana suala hili limeletwa mbele ya Kamati ya Haki na Amani. Halikupaswa kuachwa kwa wataalamu wa hali ya hewa peke yao.

Tusikimbilie kuwalaumu watu wa bondeni. Baada ya mafuriko ya 2011 Serikali iligawa viwanja Mabwepande, na wengi walihamia. Lakini Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na mama auzaye samaki wa kukaanga huhesabu nauli kabla ya kuhesabu hatari. Mpangaji naye hana karatasi ya kumtambulisha kuwa amepoteza nyumba.

Tena tujikague. Wako miongoni mwetu wenye malori yanayozoa mchanga mitoni, na kingo zikimomonyoka tunashangaa nyumba ya jirani kuanguka. Mifereji iliyozibwa kwa taka haikuzibwa na Pasifiki. Na katika parokia moja tuliyoitumikia, wakati wa mgawo, kisima kilikuwa ndani ya uzio na lango likafungwa jioni kwa ajili ya usalama wa mali. Akina mama walipanga ndoo nje mpaka usiku. Sisi mapadre tulizipita ndoo hizo tukienda kula, na ilichukua wiki nzima kabla hatujauagiza ufunguo. Kosa hilo tunalikiri mbele yenu.

Kwa hiyo tunaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo iandike, kabla ya masika, majina ya wazee, wagonjwa na wapangaji waishio kandokando ya mto, pamoja na nyumba zitakazowapokea. Parokia zenye visima zipange zamu ya walinzi, malango yabaki wazi hadi saa tatu usiku. Orodha ziletwe kwa katibu wa Kamati Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili.