Asidi ya Fitiki katika Maharagwe na Uji wa Watoto Wetu

Jambo nililotakiwa kulinena si geni katika vyungu vyetu, hata kama jina lake ni geni masikioni, kwa kuwa kila punje ya haragwe, ya mahindi, ya mtama na ya ngano huiweka asidi ya fitiki ndani yake iwe akiba ya fosforasi, ili chipukizi litokapo lipate riziki ya kuanzia maisha. Kila chembe ya asidi hiyo hubeba fosfati sita, nazo zifikapo katika utumbo wa mwanadamu huyakamata madini ya chuma, zinki na kalsiamu, yakatoka mwilini pasipo damu wala mfupa kufaidika. Na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kutosha cha kulifungua fundo hilo.

Wataalamu walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, McCance na Widdowson walidhihirisha huko Uingereza ya kuwa mkate wa ngano isiyokobolewa huzuia kalsiamu isisharabiwe na mwili, na unga wa nchi ile ukaja kutiwa chaki kwa sababu hiyo. Kisha mwaka 1961 daktari Ananda Prasad alieleza habari za vijana wa pande za Shiraz, Iran, waliobaki na vimo vya watoto ilhali umri wao ni wa watu wazima, ambao chakula chao aghalabu kilikuwa mkate mtupu. Na uchunguzi uliofuata huko Misri ukathibitisha kwamba vijana wa namna hiyo walipungukiwa na zinki.

Nimewataja vijana hao kwa makusudi. Katika Burundi yetu, uchunguzi wa taifa wa 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na watoto 61 katika kila 100 wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kuwa fitiki ndiyo iliyoyaleta yote hayo, kwani malaria, minyoo, maji machafu na njaa yenyewe vina sehemu kubwa; lakini mtoto ambaye asubuhi, mchana na usiku hupewa nafaka na maharagwe peke yake, bila samaki, nyama wala tunda, huyo fitiki humdhulumu hata kile kidogo alichokipata. Kwa mwenye sinia lililochanganyika, asidi hiyo hiyo haina madhara makubwa.

Kwa hiyo huniuma sana nisikiapo mama maskini akitishwa ayaache maharagwe, maana akiyaacha atakula nini badala yake? Jirani zetu wa Rwanda wametupa ushahidi bora. Huko Huye, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokula kwa siku 128 maharagwe yaliyozalishwa ili yawe na chuma kingi, damu yao iliongezeka nguvu kuliko ya wenzao waliokula maharagwe ya kawaida. Aidha, wataalamu walipowajaribia wanawake wa nchi hiyo maharagwe yenye fitiki kidogo, chuma kilichosharabiwa hakikuzidi kile cha maharagwe yenye chuma kingi, na juu ya hayo yale ya fitiki kidogo yalikuwa magumu kuiva na yakawasumbua matumbo.

Tiba, basi, tuitafute katika mapishi. Moto peke yake hauivunji fitiki sana. Yaloweke maharagwe usiku kucha, kisha maji yale uyamwage ili sehemu ya fitiki itoke; tena maharagwe yataiva upesi na makaa yatabaki. Pamoja na maharagwe tia ndagala, hata wachache, kwa sababu samaki huusaidia mwili kukichukua chuma cha mimea. Na chakula kifuatwe na pera au chungwa, kwani vitamini C hupambana na fitiki waziwazi.

Lakini hazina kubwa zaidi ni kimea, ambacho bibi zetu walikitumia kutengeneza pombe ya impeke, nasi twaweza kukitia katika uji. Mtama au ulezi ukilowekwa siku moja, ukafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uchipue, kimeng'enya cha punje yenyewe huamka kikaanza kuivunja fitiki. Uanikwe juani ukauke kabisa, machipukizi na mizizi vipukuswe vyote, maana machipukizi ya mtama yana sumu, ndipo usagwe. Kijiko kimoja cha kimea huulainisha uji mzito ukawa mwepesi, hata tumbo dogo la mtoto likapata unga mwingi zaidi kwa bakuli lile lile. Bali uji huo sharti uchemshwe upya, kwa hofu ya kuhara.

Kuhusu sembe nyeupe, ni kweli fitiki ya mahindi karibu yote hukaa katika kiini kinachoondolewa, lakini chuma na zinki huondoka pamoja nacho, hivyo mimi nachagua dona. Na chai na kahawa, ambazo nazo hukizuia chuma, zinywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Na mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kituoni avimeze kwa maji, mbali na kikombe cha chai.